Kuifundisha Piano Iimbe

Sauti ya piano huanza kufifia papo hapo inapozaliwa. Mpiga fidla anaweza kuirefusha noti kwa upinde na kuikuza ikiwa safarini, na mpiga filimbi anaweza kuiongezea pumzi, lakini mpiga piano akishabonyeza kibonye hana njia yoyote ya kuirudishia nguvu sauti iliyokwisha kutoka. Anachoweza ni kuiacha ififie yenyewe au kuikata. Nimekuwa nikifundisha piano nyumbani, mwanafunzi mmoja mmoja, kwa miaka mingi sasa, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba karibu kila jambo ninalolifundisha, kuanzia namna ya kukaa kwenye kiti hadi matumizi ya pedali, linatokana na ukweli huo mmoja: tuna ala ya kupigwa kwa nyundo, nasi tunataka iimbe.

Mtu anayejulikana kuwa wa kwanza kuiunda ala hii ni Bartolomeo Cristofori, fundi Mwitalia aliyekuwa akizitunza ala za muziki za familia ya Medici mjini Florence, na piano yake ilikuwa imekwisha kuorodheshwa miongoni mwa ala hizo mwaka 1700. Kabla yake, vinanda vilivyopendwa majumbani na kwenye kumbi vilikuwa vikikwanyua nyuzi kwa vijino vidogo, na mchezaji alipobonyeza kwa nguvu au kwa upole ukubwa wa sauti haukubadilika sana. Cristofori aliweka nyundo mahali pa vijino, na la busara zaidi alilolifanya ni kuhakikisha kwamba nyundo inaachiliwa kabla haijaufikia uzi, ikaruka yenyewe katika hatua ya mwisho, ikapiga na kurudi, ili uzi ubaki huru kutikisika. Piano zake tatu zimesalia hadi leo, za miaka ya 1720, 1722 na 1726, nazo zimehifadhiwa New York, Rome na Leipzig. Huwaeleza wanafunzi wangu habari ya nyundo mapema kabisa, kwa sababu ina matokeo makubwa kwao: mara nyundo inaporuka, kidole hakina tena mamlaka juu yake, na kuendelea kukikandamiza kibonye baada ya sauti kutoka ni kujichosha bure. Yote huamuliwa wakati kidole kikiwa njiani kushuka. Kwa hiyo sikio lazima liwe limekwisha kuisikia sauti inayotakiwa kabla mkono haujatenda.

Ndiyo maana somo la kwanza kwangu halianzi na kitabu. Nafungua kifuniko cha piano, namwacha mwanafunzi achungulie nyundo zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa, na tunahesabu pamoja vibonye 88, yaani 52 vyeupe na 36 vyeusi. Hugundua mwenyewe kwamba noti za juu zina nyuzi tatu kila moja, zile zinazoelekea chini zina mbili, na za chini kabisa zina uzi mmoja mnene uliozungushiwa shaba. Mtoto mwenye macho makali huuliza kwa nini noti za juu kabisa hazina vizimio, vile vipande vya sufu vinavyoulalia uzi na kuunyamazisha kidole kinapoondoka. Simjibu, namwambia apige na asikilize. Uzi wa juu ni mfupi na sauti yake hufa upesi mno hata hakuna haja ya kuizima. Kisha namwomba aibonyeze noti ya chini iitwayo C polepole sana, mpaka kibonye kifike mwisho bila kutoa sauti yoyote, akishikilie hapo, halafu kwa mkono wa pili apige C iliyo oktavu moja juu yake, yaani C inayofuata kwenda juu, kwa nguvu, na kuiachia mara moja. Noti ya juu imekwisha kuzimwa, lakini bado inasikika, kwa kuwa uzi mrefu wa chini uliokuwa huru umeiitikia. Sijapata kuona mtoto asiyeomba kulirudia jaribio hilo, na watu wazima nao huliomba, ingawa kwa haya kidogo.

Asubuhi ni yangu mwenyewe, kwa kuwa wanafunzi wako shuleni au kazini. Naanza na skeli, yaani ngazi ya noti zinazofuatana, polepole, nikisikiliza kama kila noti inapokea pale ilipoachiwa na iliyoitangulia. Hapa ndipo penye kiini cha kazi nzima, na naomba niseme kwa urefu kidogo. Tuseme wimbo una noti ndefu, kisha noti tatu fupi zinazoifuata. Mwanafunzi akizipiga zote kwa nguvu moja, noti ndefu itakuwa imefifia sana kufikia wakati fupi ya kwanza inapoingia, na fupi hiyo itaruka mbele kama mtu anayemkatiza mwenzake maneno. Ili sikio lidanganyike na kuamini kwamba ni sauti moja inayoendelea, noti ndefu yapasa kupewa uzito zaidi tangu mwanzo, kwa sababu ina safari ndefu, na inayoifuata yapasa kuingia kwa upole unaolingana na pale ile ndefu ilipofikia katika kufifia kwake. Kipimo hicho hakiandikwi kwenye karatasi wala hakiwezi kuandikwa, kwa kuwa hutegemea piano iliyopo, ukubwa wa chumba na mwendo uliochaguliwa. Mtu hana budi kusikiliza mwisho wa noti. Wanafunzi walio wengi husikiliza mwanzo wake tu, kisha mawazo yao hukimbilia noti inayofuata, na naamini sehemu kubwa ya uchezaji mkavu duniani inatoka hapo.

Baada ya mazoezi yangu huandaa masomo ya mchana. Huandika kwa penseli namba za vidole juu ya noti, kwa sababu mkono wa mtoto wa miaka saba haufiki unapofika mkono wa mtu mzima na vitabu vingi haviujali mkono huo. Kila mwanafunzi ana daftari lake kwangu, na ndani yake huandika nilichokisikia wiki iliyopita: nani anaharakisha mwishoni mwa kila mstari, nani bega lake la kulia linapanda anapokutana na vibonye vyeusi, nani ameanza kupiga nyimbo zake mwenyewe anapodhani sisikii. La mwisho hilo hunifurahisha kuliko mengine yote.

Kuhusu mkono, mwalimu wangu mkubwa ni Frédéric Chopin, mtunzi na mpiga piano aliyezaliwa mwaka 1810 na kuishi Paris akipata sehemu kubwa ya riziki yake kwa kufundisha watu binafsi, kama tufanyavyo sisi wadogo wa kazi hii. Kutokana na kumbukumbu za wanafunzi wake tunajua kwamba hakuwaanzisha na skeli ya C meja, ambayo mkono wake wote unakaa juu ya vibonye vyeupe. Aliwaambia waweke kidole gumba kwenye E, vidole vitatu virefu vya kati vikae juu ya vibonye vyeusi, na kidole cha mwisho kirudi kwenye kibonye cheupe. Jaribu na utaona: mkono unatulia wenyewe, vidole virefu vinapata mahali palipoinuka na vifupi vinapata palipo chini. Kwa sababu iyo hiyo aliiona B meja kuwa skeli ya kuanzia na C meja kuwa ngumu kuliko zote kwa mkono. Mimi hufuata njia mbili kwa pamoja. Kusoma noti naanza na C, kwa kuwa macho yanaihitaji, lakini kwa mikono naanza na B, bila karatasi, kwa kuonyeshana tu, na wazazi wanaokaa pembeni wakisikiliza hushangaa kwamba mtoto wao aliyeanza wiki chache tu zilizopita anatembea kwenye vibonye vitano vyeusi bila hofu. Chopin pia aliwasihi wanafunzi wake waende kuwasikiliza waimbaji wa opera. Hakukuwa na somo bora zaidi la kupumua kwenye piano wakati ule, wala sidhani kwamba lipo sasa.

Nikiulizwa ni muziki gani ambao ningeukumbatia kama ningelazimika kuiacha mingine yote, nitajibu bila kusita: Invensheni za mtunzi Johann Sebastian Bach. Ni vipande 15 vifupi vya sauti mbili, na vingine 15 vya sauti tatu viitwavyo Sinfonia. Vilianza kama vitu vya nyumbani, ndani ya daftari ambalo Bach alimfungulia mwanawe mkubwa Wilhelm Friedemann mwaka 1720, mtoto akiwa na umri wa miaka tisa, na mwaka 1723 baba akavinakili upya kwa mwandiko safi. Katika ukurasa wa kwanza wa nakala ile alieleza shabaha yake: wapenzi wa kinanda wajifunze kucheza sauti mbili kwa usafi, kisha tatu, wajifunze kupata mawazo mazuri ya muziki na kuyaendeleza, na zaidi ya yote wapate namna ya kucheza yenye kuimba. Aliyaandika hayo kwa ajili ya vinanda vya zama zake, ambavyo sauti yake ilififia upesi kuliko ya piano zetu. Kila ninapomsikia mtu akisema kwamba Bach ni hesabu tupu, naukumbuka ukurasa huo na kumwomba asikilize tena.

Chukua Invensheni ya kwanza, ya C meja. Mkono wa kulia unatamka wazo la noti chache zinazopanda na kujikunja, na kabla halijapoa mkono wa kushoto unalitamka lile lile oktavu moja chini. Kisha wazo linageuzwa kichwa chini, linavutwa, linarudi, na yote yamekwisha ndani ya vipimo 22 vifupi vya mapigo. Kwa mwanafunzi aliyezoea mkono wa kulia kuimba na wa kushoto kushika kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, mshtuko ni mkubwa, kwa kuwa hapa hakuna mtumishi. Namfundisha kwa kugawana: yeye anacheza sauti ya juu nami ya chini, kisha tunabadilishana, kisha yeye anaicheza moja na kuiimba nyingine kwa mdomo wake. Hatua hii ya kuimba ndiyo ngumu na ndiyo isiyorukwa. Huchukua majuma, na wapo wanaoniambia, “Mwalimu, mimi sina sauti ya kuimba.” Huwajibu kwamba sihitaji uzuri wa sauti yao, nahitaji pumzi yao, kwa sababu anayeimba hulazimika kuvuta pumzi mahali fulani, na mahali hapo ndipo sentensi ya muziki inapoishia. Baada ya hapo mikono miwili inapokutana hufanya kitu ambacho hakuna zoezi la kasi linaloweza kukileta.

Sisemi kwamba mazoezi ya kasi hayana kazi. Carl Czerny, aliyefundishwa na Beethoven na baadaye kumfundisha Liszt, ameacha mamia ya mazoezi na mengine ni mazuri kweli yakichezwa kama muziki. Ninalolikataa ni kumpa mtoto kurasa za Czerny kabla hajajua kusikiliza, kwa maana vidole vyake vitajifunza kukimbia mbele ya sikio, na kuvirudisha nyuma ni kazi ya miaka.

Kwa watoto wadogo nina mapenzi makubwa na Albamu ya Vijana ya mtunzi Robert Schumann, ya mwaka 1848, ambayo ilianza na vipande vichache alivyomwandikia binti yake mkubwa Marie alipotimiza miaka saba. Kipande cha kwanza ni melodi tupu ya mkono wa kulia juu ya sauti ya pili inayotembea taratibu, na mtoto anayekicheza vizuri amekwisha kujifunza nusu ya yale ninayoyasema hapa. Kisha kuna mtunzi Béla Bartók na Mikrokosmos yake, vipande 153 katika vitabu sita, vikianzia kwenye noti chache zinazochezwa kwa mikono yote miwili kwa pamoja na kuishia kwenye dansi zinazohitaji mpiga piano kamili. Vitabu viwili vya mwanzo amemtunukia mwanawe Péter. Watoto huvipenda kwa sababu hesabu yake si ya kawaida na mikono haiwi sawa kwa muda mrefu.

Hapo ningependa kuongeza jambo ambalo wapenzi wa nokturni, vile vipande vitulivu vya usiku, huweza kulisahau. Piano ina asili mbili. Inaimba, lakini pia inapigwa, na kuna muziki unaoipenda asili hiyo ya pili. Mtunzi Akin Euba wa Nigeria aliita piano ya Kiafrika ile inayochezwa kwa kujengwa juu ya midundo ya ngoma na mwingiliano wa sauti za ala zetu, na J. H. Kwabena Nketia wa Ghana akatunga vipande 12 vya kufundishia kwa njia hiyo hiyo. Ninapomfundisha mwanafunzi kucheza tatu dhidi ya mbili, yaani mkono mmoja ukigawa muda katika sehemu tatu wakati mwingine unaugawa katika mbili, naona wazi kwamba anayetoka kwenye muziki wa namna hiyo hulipata haraka, mwilini, ilhali anayehesabu kwa penseli huteseka. Mtunzi György Ligeti naye, alipoanza kuandika Etudi zake, yaani vipande vya mazoezi, katika miaka ya 1980, alivutwa sana na midundo ya Afrika iliyo chini ya jangwa la Sahara. Hata hivyo katika muziki huu pia sikio ndilo linalotawala: midundo miwili ikipishana, anayesikiliza husikia wimbo wa tatu ambao hakuna mkono unaoucheza.

Jioni huja watu wazima, na nakiri kwamba nawangoja kwa hamu. Huja wamechoka, wamebeba shughuli za siku nzima, na wengi wao walitamani kujifunza tangu utotoni. Mtoto hukubali kucheza vibaya kwa mwezi mzima bila kujali, lakini mtu mzima husikia pengo kati ya anachokitaka na anachokitoa, na pengo hilo humuumiza. Kwangu mimi maumivu hayo ni dalili njema, maana yanaonyesha kwamba sikio limetangulia. Kipande ambacho karibu kila mmoja wao hukiomba ni Preludi ya E maina ya Chopin, kipande kifupi, cha nne katika zile 24 za Opus 28 zilizochapishwa mwaka 1839. Mkono wa kulia una noti chache mno, kiasi kwamba yeyote anaweza kuzipata siku ya kwanza. Mkono wa kushoto hurudia kodi, na ndani ya kodi hizo sauti moja hushuka nusu hatua, kisha nyingine, kamwe si zote kwa wakati mmoja, mpaka msingi wote umeteremka bila mtu kutambua ni lini. Ilipigwa kwa ogani kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, Oktoba 1849. Tunakaa nayo miezi. Namwomba mwanafunzi acheze kodi za kushoto peke yake na aniambie, kila inapobadilika, ni kidole kipi kilichosogea. Akishalisikia hilo, hawezi tena kuzipiga kodi zile kama nguzo za uzio, kwa sababu amejua kwamba ni sauti tatu zinazoimba kwa chini.

Pedali ya kulia huwapa watu wazima majaribu makubwa. Huviinua vizimio vyote kwa pamoja, nyuzi zote hubaki huru, na ghafla kila kitu kinasikika kizuri. Kwa muda huo mfupi kosa linafunikwa na uzuri wa uongo unaonekana. Kwa hiyo tunajifunza kipande chochote bila pedali kwanza, kwa kuunganisha noti kwa vidole pekee, kisha tunaiongeza kwa kuchelewa kidogo: mkono unashuka, mguu unapanda kuisafisha sauti ya zamani na kushuka tena kuipokea mpya. Mguu nao unaongozwa na sikio.

Kuhusu muda wa mazoezi nyumbani, wazazi huniuliza mara kwa mara ni saa ngapi zinazotosha. Dakika 20 kila siku kwa mtoto anayeanza, akiwa makini, zinashinda saa mbili za siku ya kabla ya somo, na juu ya hilo sina la kuongeza.

Usiku, wanafunzi wakishaondoka, nasikiliza rekodi. Dinu Lipatti, mpiga piano Mromania aliyefariki Desemba 1950 akiwa na umri wa miaka 33, alitoa onyesho lake la mwisho mjini Besançon, Ufaransa, Septemba ya mwaka huo huo, akiwa mgonjwa sana. Alipanga kucheza waltzi 14 za Chopin, na nguvu zikamwishia kabla ya ile ya mwisho. Katika rekodi ile sisikii udhaifu hata kidogo. Nasikia mtu anayejua hasa kila noti itafifia kufikia wapi. Mpiga piano Glenn Gould namsikiliza kwa sababu nyingine. Alizirekodi studioni Goldberg Variations za Bach, wimbo mmoja unaogeuzwa kwa namna nyingi, mara mbili, mwaka 1955 akiwa kijana na tena mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, na ya pili inaanza kwa utulivu mkubwa kiasi kwamba wanafunzi wangu hudhani ni kazi nyingine. Katika rekodi nyingi za Gould husikika akiguna na kuimba huku anacheza. Mafundi wa kurekodi walihangaika nalo sana, nami rekodi hizo huwachezea wanafunzi wanaoona haya kuimba Invensheni zao.

Piano yenyewe inahitaji kutunzwa ili yote haya yawezekane. Nyuzi zake zaidi ya 200 huvuta kwa uzito wa tani nyingi, na ubao mwembamba wa mti unaoikuza sauti hutanuka hewa inapokuwa na unyevu na kusinyaa inapokauka, hivyo ulinganifu hupotea hata kama hakuna aliyeigusa. Fundi wa kuituni, yaani kuzilinganisha nyuzi, anapofika, mimi huwaalika wanafunzi wanaoweza kuja. Fundi anaanza na A ya kati, ambayo kipimo chake ni mitikisiko 440 kwa sekunde, na kutoka hapo anajenga nyingine zote akisikiliza mawimbi madogo yanayotokea nyuzi mbili zinapokaribiana bila kulingana. Saa nzima mtu anasikiliza sauti zinavyofifia. Kwa mwanafunzi ni somo kamili, na mimi hukaa kimya.

Kwa sasa tunajiandaa kwa onyesho dogo la wanafunzi wote, wakubwa kwa wadogo, sebuleni kwangu. Watoto wawili watagawana Invensheni ya kwanza kwenye piano moja, kila mmoja na sauti yake. Mwanafunzi mmoja mtu mzima atacheza Preludi ya E maina. Mwingine amechagua vipande viwili vya Nketia. Na mimi nimeahidi Sinfonia ya F maina, ya sauti tatu, ambayo nimeirudia tangu mwanzo wa mwaka na ambayo sauti yake ya kati bado inanipotea katika mistari ya mwisho, kwa hiyo kesho asubuhi nitaanza kwa kuiimba hiyo peke yake.